Ukuta Unaolambwa na Mbuzi

Mimi nimeishi pande zote mbili za mto Athi. Nilizaliwa Matinyani, upande wa Kitui. Nyumba yangu ya mawe, ile yenye veranda na mabati ya kijani, iko karibu na Matiliku, upande wa Makueni. Shule niliachia darasa la sita, na kila kitu nilicho nacho nilikitoa kwenye mawe kwa mikono hii. Kwa hiyo mtu akitaka kujua tofauti ya kaunti hizi mbili, asiende kwa mwenye ramani. Aje kwangu. Mimi nimezichimba.

Ukiziangalia juu juu utasema ni kitu kimoja. Watu ni Wakamba, muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ni ule ule kwenye sufuria, mvua ni mbili kwa mwaka, na pande zote tunajua kwamba ile ya Novemba ndiyo ya kutegemea, ile ya Machi ni mgeni tu, akija umkaribishe, asipokuja usishangae. Lakini shika sururu ushuke chini, utaona.

Makueni ina mgongo. Kuna Kilungu, kuna Mbooni, na kwetu kuna mlima Nzaui, ambao mwezi wa saba unajifunika ukungu mpaka saa nne asubuhi na mzee mzima anatembea na koti mbili. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanateremka yakiwa na haraka, yanaosha kila jiwe yanalolipita, na yakifika kwako yamenyamaza na ni matamu. Ndiyo maana kuna machungwa, ndiyo maana kuna maembe ya kupakia lori. Sisemi Makueni yote iko hivyo. Shuka uende Makindu na Kibwezi ukutane na jua na yale mawe meusi. Lakini hata ukiwa huko, ukiinua macho unaona kilima mahali fulani, na mtu akiona kilima hujua kuna kitu kitashuka.

Kitui imelala chali. Matinyani kwetu si kubaya, tuko juu kidogo, kuna upepo. Lakini toka hapo ushike njia ya Kwa Vonza, unashuka, unashuka, nchi inafunguka mbele yako tambarare na miiba yake, na joto linatoka chini kwenye udongo, linakupanda miguuni kama mtu amewasha jiko huko. Mito ni mchanga mtupu. Mgeni atavuka mto mkubwa bila kujua amevuka mto. Maji yapo, lakini yamejificha. Mwanamke wa huko hupiga magoti kwenye mchanga, akachimba shimo kwa kata ya kibuyu, akangoja yajikusanye, akateka kata moja, akangoja tena. Mtungi mmoja unaweza kula asubuhi yote.

Watu wa Makueni hutucheka kwa hilo. Wanasema Mkamba wa Kitui husalimia wingu kwa kuvua kofia. Nilichekwa hivyo miaka mingi nikiwa kibarua wa kubeba mawe kule Makueni, na nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilikuwa naweka.

Kazi niliyojifunza huko ni ya kuta za mchanga. Unatafuta mto wa msimu, mahali mwamba umekatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Unachimba hadi uuguse ule mwamba, unajenga ukuta wa mawe na simiti, basi. Mvua ikija, mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na maji yanabaki ndani yake, jua haliyaoni. Mchanga unakuwa tangi. Nilianza kama mbeba mawe, nikawa mchanganyaji wa simiti, nikawa wa kushika kamba ya kunyooshea ukuta, na siku moja fundi mkubwa alipougua nilishika mwiko wake wa simiti, na sikuurudisha. Nimejenga kuta kutoka Matiliku hadi kule chini kabisa. Hakuna wangu ulioanguka. Mainjinia wenye vyeti wamejenga zikaenda na maji kama boksi la karatasi, zangu zimesimama. Hilo si majivuno, nenda ukaangalie.

Basi dada yangu akanitafuta.

Dada huyu ndiye aliyenitangulia kuzaliwa, na ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Aliolewa mbali na Matinyani, kule chini kupita Kwa Vonza, kwenye ile nchi iliyolala. Mume alikufa mapema. Yeye ni mtu wa kanisa, na alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa kufanya kazi pamoja, ile tunaita mwethya: leo tunalima kwako, Jumanne ijayo tunachimba kwangu. Aliposema mwethya ifanye jambo, ilifanya, kwa sababu hakuwahi kuwadanganya.

Akaniambia, "Mwana wa mama, umewajengea watu wa Makueni hadi wamesahau kubeba maji. Sisi tumekukosea nini?"

Nikavuka Athi na mwiko wangu.

Alinionyesha mto wao. Tulitembea kwenye mchanga saa tatu asubuhi na tayari ulikuwa unachoma kupitia soli. Mahali akina mama walipokuwa wakichota palikuwa na mashimo saba yaliyozungushiwa matawi ya miiba ili punda wasiingie. Nikapiga mchanga kwa chuma changu, nikakuta mwamba uko chini sana. Kazi ya kutoa jasho. Tukapanda juu kidogo, kona mbili hivi, na hapo nikasimama.

Nilikuwa sijawahi kuona mahali pazuri namna ile, hata Makueni. Mwamba ulikuwa juu, unaonekana kwa macho, umekata mto kama mkanda. Kingo zilikuwa ndefu na ngumu. Mchanga ulikuwa mnene, wa chembe kubwa, ule unaoshika maji vizuri. Na katika mchanga wote ule mzuri hapakuwa na shimo hata moja. Hapakuwa na unyayo wa mwanamke.

Nikamwambia dada, "Mnaona? Mali imekaa hapa, nyinyi mnajichosha kule chini."

Upande wa kushoto, ukingo ulikuwa na mawe meupe yenye kuelekea waridi, yamelainika kama sabuni iliyotumika. Tukiwa bado tumesimama pale, mbuzi wakashuka. Walikuja wamepanga mstari bila mchungaji kuwafukuza, wakasimama kwenye yale mawe na kuanza kulamba. Hawakutuangalia. Ulimi juu, ulimi chini. Kulikuwa kimya hadi nikawa nasikia zile ndimi zikikwaruza jiwe.

Leo nikifunga macho nasikia hiyo sauti.

Palikuwa na jirani wa dada, mama mmoja mwembamba mwenye ulimi wa wembe, ambaye hakupatana naye tangu wagombane kwenye kwaya. Naye alikuwa amefuata kuona, pamoja na akina mama wengine wa mwethya. Akauliza, "Fundi wa Makueni, umeuliza mbuzi?"

"Kwani mbuzi wenu ndio mainjinia?"

Akina mama wakacheka hadi wengine wakashika magoti. Yule jirani akasema, "Wao hawajawahi kukosea hapa. Wewe umefika leo."

"Mwaitu," nikamwambia kwa heshima yote, kama mtu anavyomwita mama yake, lakini kwa sauti ya kusikika, "nimejenga kwenye vilima ambavyo wewe ukivipanda utashuka kwa machela. Maji nayajua."

Dada akamkata: "Kama hutaki kubeba mawe, sema hutaki kubeba mawe." Na hapo ikaisha.

Nieleze kosa langu, kwa sababu ni kosa la mtu wa Makueni na sikujua nilikuwa nimeshakuwa mtu wa Makueni. Kule vilimani sikuwahi kuangalia mawe ya ukingo ila kwa ugumu wake. Kule jiwe limeoshwa na mvua ya babu na ya babu wa babu. Kama lilikuwa na kitu kibaya, kilikwenda baharini zamani. Kitui hakuna wa kuosha. Nchi ni tambarare, mvua ni kidogo, kilicho ndani ya jiwe kinabaki ndani ya jiwe kinangoja maji yasimame. Ukitaka kujua mahali pa kujenga Kitui, waulize wanawake wanachota wapi na wapi hawachoti. Hata mtoto wa Kitui anajua. Mimi nilijua nikiwa mtoto. Mama yetu alikuwa na neno la mawe kama yale, munyu, chumvi, na alitutuma tukayaokote kwa ajili ya ng'ombe. Nilikuwa nimeyaokota kwa mikono hii hii. Lakini nilikuwa nimevaa kofia ya fundi, na mahali palikuwa pazuri, na kule chini mwamba ulikuwa mbali.

Tukajenga. Wale akina mama walibeba mawe kiangazi chote, Jumanne na Alhamisi, wengine na watoto mgongoni. Walikuwa wakiimba nyimbo za kanisa, na dada alikuwa mbele, jiwe kichwani, kubwa kuliko la mtu yeyote. Kila mmoja wao alikuja kwa sababu ya neno lake. Aliwaambia, "Ndugu yangu hajawahi kujenga kikaanguka," na hilo lilikuwa kweli.

Ukuta ukasimama. Mzuri. Nikaweka kiganja changu kwenye simiti ingali mbichi, juu kabisa upande wa kushoto, kama ninavyofanya siku zote.

Mvua ya Novemba ikaja, ya nguvu, mto ukashuka ukiwa mwekundu, mchanga ukajaa. Kwa misimu miwili tuliacha mchanga ukae. Mwezi wa pili wa mwaka wa pili wakaniita twende tufungue kisima kidogo kwenye mchanga nyuma ya ukuta. Mchungaji wa kanisa akaomba. Watu walivaa nguo za Jumapili kwenye mto. Na katika mwethya zote nilizofanya nazo kazi kuna desturi moja: fundi hunywa kwanza. Hakuna mtu atakayeweka mdomo kabla ya aliyejenga, ili aonyeshe anaamini kazi ya mkono wake.

Dada akateka kata, akanipa kwa mikono miwili.

Nikanywa. Yalikuwa baridi, safi, unaona kitako cha kibuyu. Na yalipofika nyuma ya ulimi, nikajua. Si chumvi ya kupiga kelele. Ilikuwa kidogo, kama jasho la mtu mwingine. Nikasikia zile ndimi za mbuzi kwenye jiwe.

Watu wote walikuwa wananiangalia mdomoni. Nikaona yale magoti yaliyopiga mchanga miaka yote. Nikamwona yule jirani mwembamba amekunja mikono, kichwa kimeinama upande mmoja. Ningeweza kusema. Ilikuwa ni neno moja tu.

Nikasema, "Matamu."

Vigelegele vikapanda. Dada akanywa baada yangu, akamaliza kata yote, akafuta mdomo, akasema, "Matamu." Wakanywa wote, mmoja mmoja. Yule jirani alinywa akiwa wa mwisho, akarudisha kata taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Mimi nikavuka Athi, nikarudi Matiliku, nikaendelea kujenga. Nilijiambia yatapungua. Nilijiambia mvua ikija mara tatu nne, mawe yataoshwa. Hiyo ni hesabu ya Makueni. Kitui mvua ilikuja mara moja ikakataa mara mbili, na maji yakikaa kwenye mchanga bila mapya kuingia, chumvi yake inakaza. Niliposikia kwamba wale akina mama mmoja mmoja wamerudi kwenye mashimo yao ya kule chini, nilisema hao ni watu wa kuzoea shida. Nilisema hivyo mbele za watu.

Mmoja hakurudi kule chini. Dada.

Mwaka huu mwezi wa tisa nilikwenda kumwona. Nilikuta nchi imekuwa rangi ya mfupa. Matiliku nilikuwa nimeacha manyunyu, Nzaui umejifunika. Huku nilipotelemka kwenye gari, upepo ulikuwa umekauka hadi midomo ikapasuka. Dada alitoka nje kunipokea akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Nikaangalia miguu. Ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa. Nikambonyeza kidogo kwa kidole pale juu ya kifundo, kama mtoto anayecheza, na alama ya kidole changu ikabaki hapo. Nilikaa nikiiangalia kama ninavyoangalia kiganja changu kwenye simiti.

"Umeenda kliniki?"

"Nimeenda. Nesi anasema presha. Ananiambia nipunguze chumvi." Akacheka. "Chumvi ya dukani nimeacha mwaka mzima, sijaigusa."

Akanipa chai. Maziwa mengi, majani mengi, sukari vijiko vitatu. Chumvi ilikuwa imekaa chini ya yote hayo, na sasa haikuwa kidogo.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Mwana wa mama, siku ile niliyonywa kwanza, nilijua."

"Najua ulijua."

"Ulijuaje?"

"Nilikubeba mgongoni, wewe. Nilikuona koo. Lilisimama kabla ya kumeza."

"Na ukamaliza kata yote?"

"Sasa ningefanyaje? Niseme mbele ya mchungaji kwamba ndugu yangu amewabebesha wanawake mawe ya bure? Ungeitwa fundi na nani tena?" Akachukua kikombe changu, akanywa iliyobaki, kama ni kitu cha kawaida. "Halafu niliwaambia ni matamu. Aliyesema ni matamu ndiye wa kuyanywa. Nikionekana na mtungi kule chini, nitawaambia nini?"

Nikamwambia kesho ni Jumanne, nitasimama mbele ya mwethya niseme. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia. "Usiseme. Ukisema ulijua, watauliza na mimi. Wacha nife na jina langu."

Sikulala vizuri, nikaamka nikashuka mtoni peke yangu jua likichomoza. Ukuta wangu umesimama. Hauna hata ufa. Lakini ulikuwa umegeuka mweupe; chumvi imepanda kutoka chini ndani ya simiti, imetoka nje kama ukungu, kuanzia kwenye msingi hadi kwenye kiganja changu. Na mbuzi walikuwa wamewahi. Walikuwa wameacha yale mawe ya zamani, wanalamba ukuta. Mmoja alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, anafikia alama ya mkono wangu, analamba katikati ya vidole. Nilimtupia jiwe. Akasogea kidogo, akarudi.

Mwethya ilikuwa inachimba mtaro kwa mama mmoja. Nikasimama mbele yao na kofia mkononi. Nikasema mimi ndiye niliyekosea mahali, na siku ile ya kunywa nililionja kosa langu nikalimeza nikawadanganya. Nikasema dada yangu hakujua, aliniamini kama wao walivyoniamini. Hilo la mwisho lilikuwa uongo mwingine, na huo sijutii.

Jembe moja likalazwa chini. Yule jirani mwembamba ndiye aliyejibu.

"Fundi wa Makueni, sisi tuna ndimi."

"Nasema..."

"Tulijua siku ile ile. Wote. Ulifikiri tunaonja kwa masikio? Tulikuwa tunangoja mmoja wenu aseme. Miaka tunangoja. Kila asubuhi tunamwona dadako anapita na mtungi wake anaelekea juu peke yake, anatusalimia vizuri, na hakuna anayeweza kumwambia rudi, kwa sababu tukimwambia tumemwita mwongo."

"Woi," akasema mama mwingine, taratibu.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miiba, yule jirani alifika nyumbani kwa dada na mtungi kutoka kule chini. Hakuingia. Aliuweka mlangoni akasema, "Ni wa kunywa. Kesho mama mwingine ataleta mtungi mwingine." Dada akamwambia asante, mwaitu, na macho yao hayakukutana, lakini hayakugombana.

Mimi mwenyewe nilimimina. Kikombe kimejaa, maji ya mashimo, ya kupiga magoti, matamu kama ya Nzaui. Nimezunguka kaunti mbili na sijawahi kushika kikombe kwa woga namna hiyo. Dada akapokea kwa mikono miwili. Akanywa kidogo. Akashikilia mdomoni, akiangalia mahali fulani juu ya bega langu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Haya maji," akasema, "hayana ladha."

"Kunywa, dada. Utazoea."

"Ndiyo, nitazoea."

Nikatoka kuwafukuza kuku. Niliporudi, kikombe kilikuwa kimejaa vile vile mezani, na yeye alikuwa ameinama kwenye kona, ile miguu imevimba chini yake, anateka kwa kata kutoka kwenye mtungi wa zamani, ule wa maji ya ukuta.